Benchi limemea mashikio: shajara ya mradi wetu wa mbao za plastiki, Mikindani, Mombasa

Ijumaa, 16 Mei

Baada ya swala mzee anayeangalia msikiti alinishika mkono kabla sijavaa viatu. "Mwanangu, lile benchi lenu limemea mashikio. Njoo ulione."

Nilicheka, nikidhani ananitania, maana siku ya kulileta tulijigamba sana: mbao isiyooza, isiyoliwa na mchwa, isiyotaka rangi. Tukaenda hadi kwenye mifereji ya kutawadhia. Kweli. Kwenye ncha ya ubao wa kukalia, upande unaorukiwa na maji ya miguu tangu alfajiri hadi isha, yametoka mashikio matatu, membamba, rangi ya chungwa lililoiva, kubwa lao kama kucha ya kidole gumba.

"Si mlisema haliozi?"

Sikuwa na jibu. Nikamwomba asiyang'oe.

18 Mei

Kwa anayeingia humu mara ya kwanza: tuko wanne, tuna banda nyuma ya gereji, na kazi yetu ni kutengeneza mbao kwa plastiki chakavu na unga wa mbao. Plastiki ni ile ngumu ya jerikeni za mafuta ya kupikia na vifuniko vya chupa, yaani polithini nzito. Mabomba ya PVC hatuyagusi, yakipata moto hutoa mvuke wa asidi unaokata kifua. Unga tunauchota kwa mafundi seremala wa Changamwe na Jomvu. Tunauanika juu ya mabati, tunauchanganya na plastiki iliyosagwa, tunapasha moto kwenye tanuri la pipa hadi nyuzi 170 au 180, kisha tunashindilia kwenye kalibu ya chuma na kukandamiza kwa jeki ya lori. Ukikaribia nyuzi 200 unga unaanza kuungua, na ubao mzima unanuka kama mkate ulioshika chini.

Kipimo chetu ni 60 za unga kwa 40 za plastiki, kwa uzani. Nikiulizwa kwa nini 60, jibu la kweli halina utaalamu wowote: unga twapewa bure, plastiki twanunua kwa kilo.

Halafu tunapiga msasa. Ubao ukitoka kwenye kalibu una ngozi nyororo inayong'aa kama beseni, na mteja akiuona haamini kama una mti ndani. Ukiupitisha mashine ya msasa chembe za mbao zinajitokeza, rangi inakuwa ya asali, mtu anaupapasa na kuuliza bei. Huo msasa ndio uliotuuzia.

19 Mei

Nimerudi na bisibisi. Katikati ya benchi haiingii hata nikiegemea kwa uzito wangu wote. Kwenye ncha iliyo karibu na mfereji inaingia milimita mbili, na ikitoka inaacha makapi meupe meupe. Upande wa chini kuna madoa meusi mengi. Hayo nimeyasugua kwa brashi na sabuni, yakatoka, na ubao chini yake ni mgumu. Ule ni ukungu tu: unajilisha juu juu, unaharibu sura, haulegezi kitu. Mashikio ni habari nyingine. Shikio ni tunda. Ukiliona nje, mwili wa kuvu umeshatandaa ndani kitambo.

24 Mei

Nimempelekea shikio moja, ndani ya bahasha ya karatasi, mwalimu mmoja wa biolojia ninayemfahamu. Akaligeuza chini juu, akanionyesha vitundu vidogo mno mahali ambapo uyoga wa kula huwa na mikunjo. Kwa umbo na rangi akasema ni Pycnoporus sanguineus, kuvu ya nchi za joto inayopenda magogo yaliyo wazi juani. Nimeiona maisha yangu yote kwenye visiki vya miembe, sikuwahi kufikiria kwamba ina jina.

Nikakaa naye karibu saa mbili, chai mbili. Ninavyoelewa sasa ni hivi. Mbao ni nyuzi za selulosi zilizoshikanishwa na lignini, kama vyuma vya nguzo na zege lake. Kuvu za kuozesha zina tabia mbili kubwa. Kuna zile za uozo mweupe, na hii ya kwetu ni mojawapo, ambazo hutoa vimeng'enya (kemikali za kumeng'enyea chakula), lakase na wenzake, vinavyovunja mpaka ile lignini. Mti unabaki mweupe na laini, unachanika kama nyuzi. Kisha kuna za uozo wa kahawia, ambazo kwangu ndizo zenye hila. Vimeng'enya ni vikubwa kupita kwenye ukuta wa seli ya mti ulio mzima. Basi kuvu hizi hutanguliza vitu vidogo: zinatumia madini ya chuma na haidrojeni peroksaidi, vikikutana vinazaa chembe kali zinazokatakata selulosi kutoka ndani. Ni kemia ileile aliyoieleza Mwingereza Fenton mwaka 1894, kuvu walikuwa nayo kabla yake. Lignini inaachwa nyuma, na mti unakatika vipande vya mraba vya kahawia, kama tope la mabwawa ya chumvi lililokauka.

Zote mbili zinataka maji. Mbao iliyo chini ya asilimia 20 ya unyevu haiozi. Ikifika karibu 30, kuta za seli zimeshiba maji na karamu inaanza. Joto zinalolipenda ni nyuzi 25 hadi 30 hivi, kwa hiyo Mombasa ni sikukuu mwaka mzima.

25 Mei, usiku

Kumbe si sisi wa kwanza kuaibika. Mwaka 1998 watafiti wawili, Morris na Cooper, waliandika kuhusu njia ya watembea kwa miguu katika mbuga ya Everglades kule Florida. Ilijengwa kwa mbao za plastiki na unga wa mti, na kuvu zikamea juu yake. Kabla ya hapo wengi waliamini plastiki inazifunika chembe za mti kabisa, hakuna maji yatakayoingia. Nimemtumia mwenzangu. Amejibu: "Basi wao walikuwa na kinamasi, sisi tuna mfereji wa udhu."

1 Juni

Tumekubaliana tufanye jaribio, tusikisie. Aina sita za vipande, kila aina vinne, sentimita 5 kwa 5, unene sentimita moja na nusu:

A, 60 za unga kwa 40 za plastiki, na ngozi yake. B, hiyohiyo iliyopigwa msasa. C, 40 za unga kwa 60 za plastiki, na ngozi. D, hiyohiyo iliyopigwa msasa. P, plastiki tupu. M, mwembe mtupu.

Unga wote umetoka kwenye mwembe mmoja. Mwenzangu alitaka tutumie wa mvule kwa kuwa ndio tulionao magunia matatu, nikakataa. Mvule una dawa yake ya asili, na yeyote aliyeupasua bila kufunga pua anaijua kwa kukohoa. Kuvu ikiuogopa tutajuaje kama imeogopa mvule au plastiki?

3 Juni

Vimekaushwa kwenye oveni, nyuzi 103, mpaka uzani ukaacha kushuka. Umeme ulikatika mara mbili tukaanza upya. Vimeingia ndooni leo, juu tumeweka jiwe ili visielee.

Sababu ya kuviloweka kwanza: maji huingia kwenye mbao hizi kwa kujivuta. Ukimpa kuvu kipande kikavu, wiki kumi na mbili zitapita akisubiri kiu yake iishe, nawe utatangaza kwamba ubao wako ni imara. Nashuku matangazo kadhaa ya "haiozi kabisa" yalipatikana hivyo.

1 Julai

Wiki nne ndani ya maji. Nimefuta vipande kwa kitambaa na kupima.

Kipande kimoja cha B kilikuwa gramu 38.6, sasa 43.6. Kimekunywa gramu 5. Ndugu yake wa A, aliyebaki na ngozi, alikuwa 38.9, sasa 41.7. Unga ni uleule, plastiki ileile, vimetoka kalibu moja siku moja. Tofauti ni dakika mbili za msasa. C zimeongeza gramu moja na kidogo. P hakijaongeza kitu.

Nimekaa na hizo namba. Plastiki hainywi, kwa hiyo gramu 5 zote ziko kwenye mti. Ndani ya B mna mti gramu 23 na ushei, maana yake mti wenyewe una unyevu wa asilimia 21 au 22. Ukiangalia hivyo utasema bado hajafika 30. Lakini maji hayajagawanyika sawa. Nimekata kipande cha ziada kwa msumeno: pembeni kuna ukanda uliokolea rangi, upana milimita mbili au tatu, na katikati pakavu kama siku ya kwanza. Kwenye ukanda ule unyevu lazima umepita 30 zamani. Bisibisi pale msikitini iliingia milimita mbili. Ndipo ilipokomea.

6 Julai

Aibu ya leo. Nilitaka kuua vijidudu kabla ya kuweka kuvu, nikaazima presha kuka ya mama. Nilipofungua, vile vya P vimejikunja kama kaimati iliyokosa hamira. Polithini nzito huyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi, na presha kuka inafika 120, kwa hiyo ilikuwa imeshalegea. Nimetengeneza P vingine. Vilivyobaki tumevipika kwa mvuke wa kawaida, saa moja, ndani ya pipa. Mama anauliza kwa nini presha yake inanuka jerikeni.

8 Julai

Kuvu yenyewe tumeipata kwa bi mkubwa mmoja wa Bamburi anayelima uyoga wa oista. Yeye ana utaalamu wa kuotesha mbegu ya uyoga kwenye mtama uliochemshwa. Alikubali kutuoteshea kipande cha shikio letu kwa sharti moja: "Mwanangu, madude hayo yasikaribie mifuko yangu. Mtayachukua siku ileile yakishakuwa meupe." Ndani ya wiki mbili mtama ulikuwa umevaa pamba nyeupe, yenye chungwa kwa mbali.

Chupa 24 za kioo za mdomo mpana. Chini unga wa mwembe uliolowa, juu yake mtama wenye kuvu, juu yake kipande. Mdomoni pamba, ili hewa ipite. Rafu iko pembe yenye giza.

20 Julai

Chupa tano zimeingiwa na ukungu wa kijani, ule unaowatia hasara wakulima wa uyoga, Trichoderma. Nimezitoa nje na kuzifukia. Wamekufa A mmoja, C wawili, D mmoja, P mmoja. Zimebaki 19. C wamebaki wawili, na mwalimu amenikumbusha kwamba wawili si ushahidi wa kupeleka mahakamani.

10 Agosti

Vijana wa gereji wameanza kuja kuchungulia. Swali ni moja: "Kwa hiyo hiyo kitu inakula plastiki?" Mmoja anataka kuuza wazo hilo kwa kaunti, tumwage kuvu kwenye jaa la Mwakirunge tulale.

Kuna kuvu zinazosifika. Pestalotiopsis microspora, iliyotolewa kwenye msitu wa Ecuador na wanafunzi wa Yale, utafiti wao ukachapishwa 2011, inaimega poliyurethani, ile ya magodoro. Lakini poliyurethani ina viungo ambavyo kimeng'enya kinaweza kuvishika na kuvikata. Polithini ya jerikeni ni mnyororo mrefu wa kaboni usio na kishikio. Mwaka 2024 watafiti wa Uholanzi walieleza kuvu ya baharini, Parengyodontium album, inayoivunja polithini, ila mpaka kwanza jua liwe limeichoma, na kwa kasi ya asilimia 0.05 hivi kwa siku. Mwaka huohuo icipe, kituo cha utafiti wa wadudu hapa kwetu Kenya, walitangaza mabuu yanayoweza kutafuna polistireni, lakini hao ni wadudu.

Yetu ya rangi ya chungwa inataka mti. Plastiki kwake ni ukuta wa kuzunguka.

Kijana mwingine akauliza mbona jahazi la Flipflopi, lililoundwa Lamu na kushushwa majini 2018, halisemwi kumea uyoga. Lile limeundwa kwa plastiki iliyorejelezwa, likavishwa ndara. Kuvu ya mbao ifuate nini?

23 Agosti

Leo nimeona kitu. Nimetoa kipande kimoja cha B kwa muda mfupi, nikabana lenzi ndogo kwenye simu, nikaelekeza pale msasa ulipopita.

Chembe ya mti inakaa kwenye plastiki kama jino kwenye ufizi. Ilipolowa ilivimba, plastiki ikasogezwa. Pembeni yake, ambapo maji yamepungua, imenywea, plastiki haikurudi. Kumebaki mwanya, mstari mweusi mwembamba kuizunguka chembe. Na ndani ya mwanya huo kuna nyuzi nyeupe, zinapita kati ya mti na plastiki kama mshipi wa mvuvi uliopotelea mawe. Unyuzi wa kuvu unene wake ni mikromita chache tu, unywele wa mtu kwake ni gogo. Umefika mwisho wa chembe moja na kuvuka kwenda ya pili, kwa sababu ya pili inaigusa ya kwanza.

Hapo nimeelewa 60 yetu imefanya nini. Unga ukiwa kidogo, kila chembe ni kisiwa, imezungukwa na plastiki. Ukizidi nusu, chembe zinagusana, unakuwa umejenga barabara ya maji na ya kuvu kutoka ngozi hadi ndani. Halafu msasa unaondoa ile ngozi yenye plastiki nyingi. Watafiti wa maabara ya misitu ya Madison, Wisconsin, walishaona kitu cha jamii hiyo: ubao wa aina hii ukitengenezwa kwa njia inayoacha mti mwingi juu hunywa maji haraka kuliko ule unaotoka na ngozi ya plastiki.

Na sisi tulikuwa tunaitoza kazi hiyo kama nakshi.

30 Septemba

Wiki kumi na mbili. Tumefungua. Tumekwangua kuvu kwa kisu butu, vipande viko ovenini.

4 Oktoba

Mwembe: gramu 22.4 imekuwa 15.0. Theluthi imeliwa. Kwa hiyo kuvu yetu ni nzima na ina njaa.

B: 38.6 imekuwa 36.7. A: 38.9 imekuwa 38.3. D: pungufu ya gramu 0.3. C: pungufu ya 0.1, na mizani yetu siiamini chini ya hapo. P: vilevile.

Tulibishana kuhusu B. Mwenzangu alipiga hesabu, gramu 1.9 katika 38.6, akapata chini ya asilimia 5, akasema si mbaya. Lakini plastiki hailiwi, huwezi kuihesabu kwenye sahani. Kilicholiwa kimetoka kwenye gramu 23.2 za mti, na hapo ni asilimia 8.2. Na zaidi: hizo 1.9 zimetoka karibu zote kwenye ule ukanda wa nje. Nimebonyeza kona ya B kwa ukucha, ikaingia. Mti umeondoka, plastiki imebaki na matundu yake, mfano wa dodoki. Nikiisugua inamwagika vumbi la plastiki mezani. Hilo linanikosesha raha kuliko kuoza kwenyewe. Benchi likioza karibu na mfereji, makombo hayo yanakwenda na maji, na maji ya mtaa wetu yanaishia kwenye mikoko ya Tudor.

Kosa letu kubwa: hatukuweka chupa zisizo na kuvu. Mti ukilowekwa wiki nne hupoteza vitu vinavyoyeyuka hata bila kuliwa, kwa hiyo sehemu ya gramu hizo si ya kuvu. Mwalimu aliliona kwa dakika moja. Safari ijayo.

12 Oktoba

Nini cha kufanya. Viwandani huchanganya zinki boreti, dawa ya kuzuia kuvu, kidogo humo humo wakati wa kupasha moto; inavumilia joto na maji hayaioshi upesi. Tumeulizia kwenye maduka ya kemikali mjini, tumepewa asidi ya boriki badala yake. Ni rahisi, kuvu inaiogopa, ila inayeyuka majini. Penye mfereji wa kutawadhia itakwisha kabla ya Ramadhani. Mwenzangu akapendekeza tupake sifa, kama mafundi wa majahazi. Mafuta ya ini la papa, mlangoni mwa msikiti, Ijumaa. Nimemwambia aanze kulipaka la kwao.

Tumeamua hivi kwa kila kitu cha nje: 40 za unga kwa 60 za plastiki, bei ipande. Msasa marufuku. Ncha zilizokatwa kwa msumeno zifungwe kwa pasi ya makaa, plastiki iliyosagwa ikiyeyushwa juu yake. Unga utoke juani uende tanurini siku hiyohiyo. Ukilala kwenye gunia kwa hewa ya huku unarudisha maji, na mvuke wake ndio unaotuachia mapovu ndani ya ubao.

2 Novemba

Tumepeleka benchi jipya. Linang'aa kama beseni. Mzee amelizunguka, amelikalia, akasema la kwanza lilikuwa zuri zaidi. Nikamweleza habari ya ngozi na msasa. Akasikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo mlilichuna ngozi wenyewe, kisha mkaliweka mvuani." Nikasema ndivyo. Amekataa tuliondoe la zamani. Amelivuta chini ya mkungu, mbali na maji, anasema madrasa wanakuja kuyahesabu mashikio.

9 Desemba

Mvua za vuli zimepita. Nimekagua jipya kwa bisibisi, ncha zote mbili, juu na chini: gumu. Lakini chini ya ubao, pale tulipopiga skurubu za miguu, tundu la tatu kutoka mferejini lina duara jeupe ukingoni, dogo kama punje ya mtama. Tulitoboa kwa drili baada ya kutoa kwenye kalibu, hatukukumbuka kwamba tundu nalo ni ncha iliyokatwa. Matundu ni kumi na mawili. Nimelizungushia lile kwa wino. Kesho naenda na pasi.